Kujilaumu Hakushushi Sukari

Siku tatu kabla ya kliniki ya kisukari, jiko hubadilika. Chapati hazikandwi, soda iliyonunuliwa kwa ajili ya wageni inafichwa nyuma ya kabati, na sahani ya wali iliyozoea kujaa inapimiwa kwa kijiko. Vidonge vilivyokuwa vikirukwarukwa tangu mwezi uliopita vinamezwa kwa saa. Asubuhi ya kliniki mgonjwa anafika na njaa yake, anachomwa kidole, mashine inatoa namba ya kupendeza, muuguzi anaiandika kwenye daftari. Kila mtu anaridhika. Wiki inayofuata chapati zinarudi mezani.

Wauguzi wanaujua mchezo huu vizuri, na ndiyo sababu wanakithamini kipimo ambacho wagonjwa wamezoea kukiita sukari ya miezi mitatu. Kitaalamu ni HbA1c. Hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi kwa takriban miezi mitatu, mfungo wa siku mbili tatu haukidanganyi. Hapo ndipo mgonjwa anapobanwa. "Mama, namba hii inaonyesha hufuati masharti." Mama anainamisha kichwa, anaahidi kujirekebisha, na kliniki inayofuata pengine haonekani kabisa.

Kwa nini mtu mzima, anayejua fika kwamba ugonjwa huu unaweza kumpofusha au kumgharimu mguu, amfiche muuguzi hali yake? Haiwezekani kwamba hajui. Mgonjwa aliyekaa na kisukari miaka kumi anaweza kuitaja orodha ya vyakula vinavyokatazwa bila kupumua. Kinachomfanya ajifiche ni aibu. Kila namba mbaya anaisoma kama hukumu juu ya tabia yake: mlafi, mzembe, asiyejipenda. Na binadamu akishajua kwamba kuna mahali anakwenda kuhukumiwa, hutafuta namna ya kutokwenda.

Suala hili la jinsi mtu anavyojitazama anapoteleza limekuwa uwanja mpana wa utafiti wa afya kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Lina nguzo mbili. Ya kwanza ni uzingativu, yaani kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa hivi, mwilini na rohoni, bila kukimbilia kukihukumu. Ya pili ni huruma kwa nafsi: kujitendea wakati wa shida kama ambavyo mtu angemtendea rafiki anayempenda. Yakisemwa hivyo yote mawili yanasikika laini mno kiasi cha kutostahili kuingia hospitali. Matokeo ya vipimo yanasema vingine.

Mwaka 2016 jarida la Diabetes Care lilichapisha utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, ukiongozwa na Anna Friis. Watu 63 wenye kisukari, cha aina ya kwanza na cha aina ya pili, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudhuria mafunzo ya wiki nane ya huruma kwa nafsi, na jingine likawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Mafunzo hayo hayakuwa darasa la lishe wala la dawa. Miezi mitatu baada ya kumalizika, waliofundishwa walikuwa na sonona pungufu na dhiki pungufu itokanayo na ugonjwa wao. Lililowashangaza wengi ni damu: HbA1c yao ilishuka kwa zaidi ya milimoli 10 kwa moli, ambayo ni karibu asilimia moja kwa hesabu inayotumiwa na kliniki nyingi za Afrika Mashariki. Punguzo la kiasi hicho linakaribia lile ambalo daktari hulitarajia anapoongeza kidonge kipya.

Tahadhari inahitajika. Watu 63 ni wachache, na kundi la kulinganisha lilikuwa linasubiri tu nyumbani, kwa hiyo huenda sehemu ya nafuu ilitokana na kukutana kila wiki na wenzao wanaojua adha ya kujichoma sindano. Lakini hata hilo lina maana yake, kwa sababu kutambua kwamba wapo wengine wanaoteseka vilevile ni sehemu ya somo lenyewe.

Mwanasaikolojia aliyelipa somo hilo umbo la kisayansi ni Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Mwaka 2003 alichapisha makala mbili zilizoeleza huruma kwa nafsi kuwa na sehemu tatu zinazotegemeana: upole kwa nafsi mahali pa ukali, kukumbuka kwamba kushindwa na kuumia ni fungu la kila mwanadamu, na uzingativu unaomwezesha mtu kuyaona maumivu yake kwa ukubwa wake halisi, pasipo kuyazika wala kuyakuza. Alitengeneza pia dodoso la kauli 26 ambalo hadi leo ndilo linalotumika zaidi katika fani hii. Baadaye alishirikiana na Christopher Germer kuandaa mafunzo ya wiki nane, yale yale yaliyotumika Auckland.

Sehemu ya pili kati ya hizo tatu ndiyo inayoitenga huruma hii na tabia ya kujionea huruma ambayo wengi wanaichukia, na kwa haki. Anayejionea huruma analia kwamba ni yeye peke yake duniani aliyeonewa. Kila habari ya mwenzake inamkera kwa sababu inampunguzia uzito wa msiba wake. Mwenye huruma kwa nafsi anakiri kwamba jambo limeuma, kisha anajiuliza ni wangapi leo wamekaa kwenye mabenchi kama lake na karatasi kama yake mkononi.

Pingamizi la kwanza katika jamii zetu linajulikana hata kabla halijatamkwa: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mtoto asipochapwa ataharibika, na mtu mzima asipojisuta atalegea. Wengi wamelelewa kwa fimbo, wakasomeshwa kwa fimbo, na walipokua wakaichukua fimbo hiyo wakaiweka vichwani mwao. Wanaamini kwa dhati kwamba wasipojitukana asubuhi hawatafika kazini.

Imani hiyo imewekwa kwenye mizani mara kadhaa, na imepungua uzito. Mwaka 2007 Claire Adams na Mark Leary walichapisha jaribio lililohusu wanafunzi wa kike wa chuo nchini Marekani, baadhi yao wakiwa wenye mazoea ya kujinyima chakula ili wasinenepe. Walipewa donati wale. Kisha sehemu yao waliambiwa maneno machache ya kawaida kabisa: kwamba watu wengi hula vitu kama hivi mara kwa mara, wasijisikie vibaya. Baadaye wote waliwekewa mabakuli ya peremende, wakaambiwa waonje na kuzipima ladha, wale kiasi watakacho. Kwa mantiki ya fimbo, waliobembelezwa ndio wangefakamia. Kinyume chake, miongoni mwa wanaojinyima, waliokula kidogo ni waliobembelezwa. Wale walioachwa na hatia yao walikula zaidi.

Yeyote aliyewahi kuvunja masharti ya chakula anaifahamu njia hiyo. Andazi moja la asubuhi linaleta hasira juu ya nafsi, hasira inaleta uamuzi kwamba siku imeshaharibika, na siku iliyoharibika inaruhusu chipsi mayai jioni. Andazi lenyewe lilikuwa dogo. Kilicholeta sahani ya jioni ni hukumu iliyotolewa katikati.

Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya jambo linalofanana na hilo kwa kutumia mtihani. Mwaka 2012 walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi jaribio gumu la msamiati, wakijua wengi watafeli, kisha wakawapa nafasi ya kusoma kwa muda wanaotaka kabla ya jaribio la pili. Walioambiwa kwamba si wao tu waliolemewa na kwamba wasijikaripie walisoma kwa muda mrefu kuliko walioachwa bila neno, na kuliko walioambiwa kwamba lazima wana akili kwa sababu wamekubaliwa chuoni. Jambo la mwisho linastahili kuangaliwa. Kusifiwa hakukuwasukuma kusoma kama kulivyowasukuma kuhurumiwa, labda kwa kuwa sifa huweka kitu cha kulinda, na mwenye kitu cha kulinda hapendi kuyatazama makosa yake kwa karibu.

Mwili nao una lake la kusema. Akili ikitishwa, iwe na mbwa mkali au na sauti yake yenyewe inayosuta, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni, moyo huongeza mapigo, na ini hutoa sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Kwa mtu mwenye kisukari hilo si jambo la kupita tu. Maabara zina njia maarufu ya kuuamsha mshtuko huo kwa watu wenye afya: mhusika husimama mbele ya majaji wasiotabasamu, akatoa hotuba, kisha akahesabu kwa kurudi nyuma huku akikatizwa kila anapokosea. Njia hiyo ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 1993. Breines na wenzake waliitumia mwaka 2014 na kukuta kwamba waliokuwa na huruma zaidi kwa nafsi zao walitoa kiasi kidogo cha IL-6, kemikali ya damu inayopanda wakati mwili unapojiandaa kwa jeraha au maambukizi. Ikipanda mara moja si neno. Ikishinda juu mwaka hadi mwaka, kama ilivyo kwa wenye msongo wa kudumu, huhusishwa na maradhi ya moyo na ya mishipa.

Uzingativu wenyewe uliingia hospitalini mapema zaidi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyesomea baiolojia ya molekuli katika chuo cha MIT na kujifunza tafakuri kwa walimu wa Kibudha, alifungua kliniki katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Alipelekewa wagonjwa ambao madaktari walikuwa wameishiwa mbinu nao: maumivu ya mgongo ya miaka mingi, vipandauso, maradhi yaliyogoma kila dawa. Aliwapa mafunzo ya wiki nane, kikao kimoja kwa juma na mazoezi ya kila siku nyumbani. Hakuwaahidi kwamba maumivu yangeondoka.

Zoezi lao la kwanza lilihusu zabibu kavu moja. Mgonjwa anaiweka kiganjani na kuitazama kana kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho: mikunjo yake, mahali inapong'aa, kovu dogo pale ilipokatwa kwenye kikonyo. Anaipeleka sikioni na kuiminya kwa vidole, anasikia inavyotoa mlio mwembamba. Anainusa, na kabla hata haijagusa mdomo anagundua mate yamekwisha jaa. Anaiweka ulimini bila kuitafuna. Kisha anaing'ata mara moja tu na kungoja utamu uenee. Inachukua dakika kadhaa kumaliza kitu ambacho kwa kawaida hutupwa mdomoni kwa konzi. Pwani yetu tende ingefanya kazi hiyo hiyo, na ingekuwa na kokwa la kushughulika nalo. Somo liko kwenye kile anachokiona mlaji baadaye: kwamba katikati ya zoezi akili yake ilikwenda sokoni, ikarudi, ikaenda kwenye deni, ikarudi, na kila mara aliweza kuirudisha bila kugombana nayo.

Kuirudisha bila kugombana nayo ndiyo kazi yote, na ndiyo tiba iliyokuja kuwasaidia wenye sonona. Wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Kanada na Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza, walikuwa wakitafuta kwa nini sonona hurudi kwa watu waliokwisha pona. Waligundua kwamba kwa aliyewahi kuugua mara kadhaa, huzuni ndogo ya kawaida inatosha kufungua mfereji wa zamani: wazo moja la kutofaa linavuta la pili, la pili linavuta la kumi, na usiku mzima mtu amelala macho akiyazungusha. Ndiyo hali ambayo mitaani kwetu mtu huisema kwa maneno matatu, nina mawazo mengi. Tiba yao haikujaribu kuyabadilisha mawazo hayo kuwa mazuri. Iliwafundisha watu kuyaona yanapoanza, kuyataja kuwa ni mawazo, na kutoyafuata.

Matokeo yao ya mwaka 2000, kwa wagonjwa 145, yalionyesha kwamba kati ya waliowahi kuugua sonona mara tatu au zaidi, waliorudiwa na ugonjwa ndani ya takriban mwaka mmoja walikuwa asilimia 37 kwa waliofundishwa, dhidi ya asilimia 66 kwa waliopata huduma ya kawaida peke yake. Kwa waliougua mara mbili tu hapakuwa na faida. Mwaka 2004 taasisi inayoweka miongozo ya tiba Uingereza, NICE, iliipendekeza kwa kundi lile la kwanza. Kisha mwaka 2015 jarida la Lancet lilitangaza jaribio kubwa zaidi la Willem Kuyken na wenzake, lililowafuatilia wagonjwa 424 kwa miezi 24. Waliopewa tiba hiyo wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa walirudiwa kwa asilimia 44. Walioendelea na dawa, asilimia 47. Watafiti walikuwa wametarajia kuzishinda dawa. Walichopata ni sare. Lakini kwa mgonjwa aliyechoshwa na vidonge au anayenyonyesha, sare hiyo ni habari kubwa.

Sare nyingine ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2022 na kikundi cha Elizabeth Hoge nchini Marekani. Watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi walipewa ama mafunzo ya Kabat-Zinn ya wiki nane au escitalopram, dawa inayotumika sana. Nafuu ililingana. Tofauti ilikuwa kwenye kero: karibu asilimia 79 ya waliomeza dawa walipata angalau kero moja iliyohusishwa na tiba, kama kukosa usingizi au kichefuchefu, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao.

Msomaji wa Tandale au Kibera anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, haya ya Worcester na Auckland yanamhusu nini mtu asiye na saa mbili za ziada wala pesa ya mtaalamu. Jibu zuri kuliko yote limetoka Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, Wietse Tol na wenzake walijaribu mpango wa Shirika la Afya Duniani kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14. Hawa ni watu walioikimbia vita, na wengi wao hawakusoma. Hapakuwa na daktari wa akili mbele yao. Palikuwa na kinasa sauti kilichocheza somo kwa Kiarabu cha Juba, kijitabu cha picha chenye maneno machache, na wanawake wawezeshaji waliopewa mafunzo mafupi. Walikutana mara tano, karibu saa mbili kila mara, kwa vikundi vya watu 20 hadi 30.

Mazoezi yao yalikuwa ya namna hii. Mtu anapozidiwa na kumbukumbu, anakanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili mpaka aisikie. Anatoa pumzi polepole mpaka mapafu yaishe, kisha anayaacha yajae yenyewe. Anaviminya viganja vyake pamoja. Anatazama alichonacho mbele: kuku, sufuria, mtoto wa jirani. Kumbukumbu haijaondoka, ila sasa kuna kuku pia. Hatua nyingine ni kuligundua wazo linalomnasa na kulitaja, na nyingine ni kuweka mkono kifuani au mahali panapouma na kujisemea maneno ya upole. Mwaka 2020 jarida la Lancet Global Health lilieleza kwamba miezi mitatu baada ya mafunzo dhiki ilikuwa imepungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wenzao, na uwezo wao wa kufanya shughuli za siku ulikuwa umeongezeka. Faida ya wastani haikuwa kubwa. Ila ilipatikana kwa kinasa sauti, mahali ambapo njia nyingine ya tiba isingefika, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Swali la dini nalo haliwezi kurukwa, maana ndilo linaloulizwa kwanza kwenye vikao vyetu. Ni kweli kwamba mbinu hizi zilichotwa kwenye mapokeo ya Kibudha, na mkufunzi anayeficha hilo anawakosea wanafunzi wake. Ni kweli pia kwamba kilichoingizwa hospitalini hakina ibada: hapana sanamu, hapana kiapo, hapana anayeombwa. Mwislamu anayehangaika kupata khushui katika swala anajua jinsi akili inavyotoroka kuelekea dukani na jinsi inavyorudishwa. Mkatoliki aliyewahi kukaa mafungo ya kimya anajua hivyo hivyo. Haina maana kwamba mambo haya ni mamoja, kwa kuwa swala ni ibada na zoezi la zabibu ni mazoezi tu, na si vema kuyachanganya ili kuuza semina.

Na semina zinauzwa kwelikweli. Uzingativu umekuwa biashara ya programu za simu, mito ya kukalia na wakufunzi wanaotoza kwa saa. Mwaka 2019 Ronald Purser, profesa wa San Francisco, aliandika kitabu kizima kuilaumu biashara hiyo, akidai kwamba kampuni zinawafundisha wafanyakazi kupumua vizuri ili zisilazimike kuwapunguzia kazi. Ana hoja. Mfanyakazi wa kiwandani ambaye hajalipwa miezi mitatu anahitaji mshahara. Mwanamke anayepigwa nyumbani anahitaji mahali salama na polisi wanaofungua jalada. Kumfundisha huyo atazame pumzi yake na kumwishia hapo ni kumtwisha mzigo wa mwingine.

Ushahidi nao una mipaka. Mwaka 2014 Madhav Goyal na wenzake walizipitia tafiti 47 zenye washiriki 3,515 na kuona nafuu ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hawakupata ushahidi kwamba tafakuri inazidi mazoezi ya viungo au dawa. Shuleni hali ni mbaya zaidi. Uingereza ilifanya jaribio katika shule 85, likihusisha watoto zaidi ya 8,000, na ripoti za mwaka 2022 zilisema somo la uzingativu lililotolewa kwa darasa zima halikuwapa nafuu yoyote ya maana kuliko masomo ya kawaida. Wengi hata hawakufanya mazoezi nyumbani. Mtoto wa miaka 12 aliyelazimishwa kufumba macho darasani anafumba macho tu. Tena wapo wanaodhurika. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown amekusanya kwa miaka mingi shuhuda za watafakari waliopatwa na hofu kali, kukosa usingizi, au kumbukumbu za ukatili zilizofumuka ghafla. Aliyepitia ubakaji au vita, au anayesikia sauti, asiketi kimya saa nzima bila mtaalamu karibu.

Huruma nayo haipokelewi na wote. Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Derby nchini Uingereza aliyeanzisha tiba yake mwenyewe ya huruma, amewaeleza wagonjwa ambao neno la upole huwaogopesha, kwa sababu utotoni mwao aliyekuja na upole alikuja na madhara. Kwao kazi huanza mbali na kwenda taratibu.

Pamoja na hayo yote, hoja ya msingi inasimama: mgonjwa wa maradhi ya kudumu huishi kwa kurudi. Kurudi kliniki, kurudi kwenye dawa aliyoisahau, kurudi kwenye mlo baada ya harusi ya wikiendi. Wa presha anarudi, wa kisukari anarudi, anayetumia dawa za VVU anarudi, kwa maisha yake yote. Mfumo unaomwaibisha kila anapoteleza unaifunga njia ya kurudia. Vituo vyetu vya afya vina nafasi ya kulirekebisha hili bila bajeti mpya. Kila asubuhi, kabla daktari hajaanza kuita majina, wagonjwa huketi kwenye mabenchi wakipewa elimu ya afya. Dakika kumi kati ya hizo zingeweza kutumika kwa zoezi la nyayo na pumzi, na kwa mgonjwa mmoja wa zamani kueleza mwezi aliovurunda na jinsi alivyojinasua. Muuguzi naye, kabla ya kuitaja namba, aulize kilichokuwa kigumu mwezi huu. Wapo watakaosema kazi zimezidi na foleni ni ndefu. Lakini karipio nalo huchukua dakika zile zile, na wanaolipokea wengi hawarudi.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu nyumbani: dakika tano zinatosha kuanza, na akiona hofu inapanda afungue macho, ainuke, aendelee na shughuli zake. Anayetumia dawa za sonona, presha au sukari asiziache kwa sababu ya mazoezi haya. Wagonjwa waliopunguza dawa katika tafiti zilizotajwa walifanya hivyo wakiwa chini ya usimamizi wa daktari. Na yule ambaye mawazo yake yamefika mahali pa kutamani kufa asikae nayo peke yake usiku wa leo. Amwambie mtu wa karibu, na kesho asubuhi waende wote wawili kituo cha afya.